Usizime Kwanza

Kisarawe,
6 Juni 1982

Mke wangu Mwanahalima,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Umekaa? Haya. Nimenunua gari.

Najua hapo umeshasimama tena. Kaa, mama. Si lori hili la korosho la watu linaloniua mgongo kila siku. Hili ni gari langu, yaani letu. Jekundu, milango miwili, limeinama chini hata ukilikaribia unaliona paa kwanza. Usukani uko kushoto, maana lilitengenezwa kwa barabara za kwao.

Unamkumbuka yule Mzungu mtafiti wa korosho, yule mrefu aliyekula miguu ya kuku kwetu akaomba na ya jirani? Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Gari hili hakuna aliyelitaka. Wenye uwezo wanaogopa kukosa spea, na wasio na uwezo ndio sisi. Akaniita mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa namsaidia kulisukuma kila linapogoma, akaniachia kwa bei ya kutupa. Sikufichi, lina umri, na huko Ulaya limeshakimbizwa kwenye mashindano mpaka likachoka. Lakini lina kitu kinaitwa tabo. Ni chuma kilichojiviringisha kama konokono, kimekaa ubavuni mwa injini. Moshi ukitoka unakizungusha, nacho kinasukuma hewa ndani kwa nguvu. Ukikanyaga mafuta kwanza kimya, halafu, mama yangu! Unasukumwa mgongoni kama umekosana na mtu. Jana nimepanda nalo mlima wa Pugu, nikajikuta nacheka peke yangu.

Sasa sikiliza kwa nini nimelinunua. Tangu upangiwe kazi huko Kibaha, mimi nafika kwako Jumamosi kwa basi giza limeshaingia, na Jumapili alfajiri nimeshaondoka kuwahi foleni ya basi. Tunaonana kama watu wanaopishana mlangoni. Na gari la mtu binafsi nalo, kwa amri ya serikali ya kubana petroli, Jumapili mwisho wake saa nane mchana, ukizidisha hapo ni wewe na polisi. Kwa gari la kujikokota nisingefaidi kitu. Kwa hili, nikishusha gunia la mwisho Jumamosi adhuhuri, saa tisa na nusu napiga hodi kwako. Tutakula chakula cha mchana pamoja kama watu waliooana.

Kituko kimoja. Yule Mzungu kumbe alikuwa mcha Mungu. Kila akifika mahali hazimi gari wala hashuki. Anakaa kimya, mikono mapajani, gari linanguruma polepole, halafu ndiyo anazima. Nadhani alikuwa anashukuru kufika salama. Siku ya kuagana akaninyooshea kidole, akarudia kwa Kiswahili chake, "Ngoja, ngoja, halafu." Nikamwambia bwana, mimi Mwislamu, nitashukuru kwa namna yangu. Akatikisa kichwa, akanishika mkono. Mtu mwema sana.

Nisubiri Jumamosi.

Mumeo,
Mashaka


Kibaha,
9 Juni 1982

Mashaka,

Nilikaa, nikasimama, nikakaa, na sasa nakuandikia nimesimama.

Gari la mashindano! Sabuni hatuna, sukari tunaipata kwa kusukumana, huku wodini kinamama wanazaa tunawafunika khanga walizokuja nazo, na mume wangu ananunua konokono. Sawa. Umeshanunua, siwezi kulirudisha Ulaya.

Lakini nisikilize vizuri, maana sijapata kukwambia. Baba yangu alikuwa na lori bovu. Utoto wangu wote pale Gwata chakula cha jioni tulikula na habari za giaboksi. Mama anasema mtoto ana homa, baba anajibu krachi inateleza. Mama anasema mvua imeingia ndani, baba anasema na redieta nayo inavuja. Mama yangu amekufa hajapata kumaliza sentensi moja mbele ya yule mtu.

Kwa hiyo nakuwekea sharti, na ni moja tu. Habari za gari hilo usiniletee ndani. Likikohoa, likohoe huko. Likifa, lizike huko huko Kisarawe, na mimi usinipe taarifa ya msiba. Ukivuka kizingiti changu nakutaka wewe, bila konokono wako. Nipe neno lako.

Chakula cha mchana nitapika. Saa tisa na nusu nitakuwa dirishani, na kesho yake nitakuwa nasikitika kwamba nilisimama dirishani kama mwali.

Yule Mzungu wako umenichekesha mpaka sista wa zamu akaja kuniuliza kulikoni.

Mkeo,
Mwanahalima


Kisarawe,
2 Agosti 1982

Shikamoo dada Mboni,

Nakuandikia wewe kwa kuwa najua siku hizi unasoma mwenyewe. Zamani kabla hujahitimu kisomo cha watu wazima ungesomewa na mwenyekiti wa kijiji, na siri yangu ingefika Mlandizi kabla ya jua kuchwa. Na hii ni siri, shemeji yangu. Mdogo wako Mwanahalima asiijue.

Gari limeugua. Lilianza kutoa moshi wa buluu, kisha chuma chake cha konokono, tabo, kikapiga mluzi, kisha kikalia, kisha kimya. Nguvu zote zimekwenda. Wiki iliyopita nimepanda Kimara huku baiskeli inanipita, na mwenye baiskeli akanipungia mkono.

Nikaifungua tabo mwenyewe. Humo ndani oili imeungua imeshikana, ukoko mtupu kama wa sufuria ya wali. Nikakaa nikaitazama weee. Ndipo akili ikaja. Dada, mimi ni dereva wa lori, na pale kazini kwetu hakuna anayebana mafuta kunishinda. Nikifika kileleni Pugu naweka nyutro, nazima injini, nateremka bure mpaka bondeni. Nikifika mahali, nimeshazima kabla tairi halijasimama. Ndivyo tulivyofundishwa madereva wote, na kwa shida hii ya petroli ukifanya vingine unaonekana adui wa nchi. Basi na hili nimelifanyia hivyo hivyo, tena kwa kujisifu.

Kumbe hii tabo ikitoka kupanda mlima inakuwa nyekundu kwa moto. Ukizima ghafla, oili inasimama, ile iliyobaki ndani inaungua pale pale. Inataka uiache ingurume polepole kidogo, oili izunguke, chuma kipoe, ndipo uzime. Yule Mzungu hakuwa anasali, dada! Alikuwa anapoza chuma! "Ngoja, ngoja, halafu." Na mimi nikamwambia habari za Uislamu. Nimecheka chini ya gari peke yangu mpaka mama yangu mzazi akatoka kuniangalia kama nimepagawa.

Ninachoomba: hapo Mlandizi yupo mzee Zahoro mwenye mashine ya kuchonga chuma. Bushi iliyokwisha, ile pete inayoshika mhimili wa tabo, nampa anayeleta barua hii. Mwombe anichongee nyingine kama hiyo, ya shaba ngumu.

Na Mwanahalima usimwambie. Alinitaka neno kwamba habari za gari sitampelekea ndani, nami nikampa. Wala hatajua kitu. Kuanzia sasa nikifika kwake nitakaa garini kidogo mpaka lipoe, basi. Nani atashtuka kwa hilo?

Shemeji yako,
Mashaka Kondo


Gwata,
15 Agosti 1982

Bwana Mashaka,

Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe. Nimeanza asubuhi nikamaliza mchana. Umeandika maneno mengi. Ukiniandikia tena punguza.

Mzee Zahoro amechonga. Amesema ukiiunguza na hii atakuchonga wewe.

Siri nimeiweka. Lakini sikiliza. Wewe na mdogo wangu mna kiburi kimoja mmegawana nusu nusu. Mtu alisema usiniletee habari za gari. Hakusema uwe bubu. Mwambie mwenyewe.

Mbaazi zimeota vizuri. Mume wangu Salumu anakusalimu.

Mimi,
Mboni


Kibaha,
10 Oktoba 1982

Dada yangu Mboni, shikamoo,

Nakuandikia nina uchungu, na usimsomee shemeji Salumu barua hii.

Dada, Mashaka amebadilika. Mwezi wa sita na wa saba alikuwa akifika hapa vumbi halijatulia yeye yuko mlangoni, nanasi mkononi, anapiga hodi mtaa mzima unasikia. Sasa anafika, anasimamisha gari mbele ya mlango wangu, anakaa. Hazimi. Hashuki. Gari lenyewe usukani wake uko kushoto, kwa hiyo mimi dirishani nakiona kwanza kiti kitupu, na nyuma ya kiti kitupu ndiyo namwona mume wangu. Mikono ameweka mapajani, anatazama mbele kama mtu aliyeitwa barazani kwa wazee. Hata mara moja hageuki kunitazama. Chakula kinapoa. Majirani nao wanasema petroli inaungua bure wakati wenzake wanalala foleni. Justa, yule muuguzi wa nyumba ya pili, ameniambia taratibu, "Dada Mwanahalima, mwanamume akisita mlangoni kwake ana jambo la kusema na anatafuta pa kuanzia."

Halafu akiingia anacheka, anasimulia, anakula kwa furaha, kama kawaida. Hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Wewe unajua nyumba yetu haina mtoto. Siku ya Idi mama mkwe alisema mbele yangu nyumba yake imekuwa kimya mno. Mashaka akanyamaza. Dada, nadhani amepata mtu huko Kisarawe, au ametafutiwa. Kile kiti kitupu najiuliza nani anakikalia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sasa na jambo la pili. Mwaka jana niliomba uhamisho niende hospitali ya Kisarawe. Sikumwambia Mashaka, nilitaka nimshtukize. Matroni ameniita wiki iliyopita: nafasi ya mkunga imepatikana! Anataka jibu langu kabla Novemba haijaisha, la sivyo anapewa mwingine, na nyingine haijulikani lini. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia mume wangu. Nimepika pilau, mchele wenyewe nimeutafuta Maili Moja nzima. Nimevaa khanga mpya. Nimelisikia gari tangu barabara kuu, nikakimbilia dirishani kama mtoto. Akasimama, akakaa humo. Nikamtazama, nikamtazama, nikaifunika pilau yangu. Sikumwambia.

Niende Kisarawe nikafanye nini, dada? Nikawe mke mkubwa kwenye nyumba yangu, nikiwa na umri huu? Nikubali au nikatae? Nijibu upesi. Na Mashaka usimwambie. Nikisikia kalijua hili kutoka kwako, mimi na wewe basi tena.

Mdogo wako,
Mwanahalima


Kibaha,
11 Oktoba 1982

Mashaka,

Juzi ulichelewa kuingia na chakula kilipoa. Si mara ya kwanza. Sikukuuliza kwa nini, na siulizi.

Ila kama siku hizi kuingia kwangu kunataka mtu ajipe moyo kwanza, bora aseme.

Mwanahalima


Kisarawe,
25 Oktoba 1982

Mke wangu,

Jumamosi ya tarehe kumi na sita uliona mwenyewe nilivyoingia mbio. Sijui tena nifanye nini ufurahi. Ulinipa chakula ukaniuliza habari za mama kama unamuuliza mgonjwa wa kliniki.

Jumamosi iliyopita sikuja, na hizi zinazofuata sijui. Msimu wa korosho umeanza, lori halilali, magunia yamefika mpaka barazani. Usininunie.

Nakupenda, nasema hivyo hapa kwa kuwa huko naona neno halitoki.

Mashaka


Kisarawe,
26 Oktoba 1982

Shikamoo dada Mboni,

Uliniambia nipunguze maneno. Yaliyopo ni haya.

Mwanahalima aliniandikia nachelewa kuingia, chakula kinapoa. Basi Jumamosi ile nimetoka kupanda Kiluvya kwa kasi, tabo inawaka moto, nikafika mlangoni kwake nikazima papo hapo nikaruka nje. Nilijua ninachofanya. Nilipozima nilisikia kabisa kile kitu kinavyosaga. Nikasema ife, potelea mbali, mradi mke wangu asile peke yake.

Jumapili wakati wa kurudi ikafa, hapo Kibamba. Limevutwa na trekta mpaka Kisarawe, watoto wanashangilia nyuma. Sasa liko juu ya mawe uani kwa mama, na kuku ametagia kwenye kiti.

Nimemwambia mke wangu ni msimu wa korosho. Msimu ni kweli, lakini siyo sababu. Ningemwambiaje? Alisema nisimletee habari zake. Na basi nimelijaribu, Jumamosi iliyopita nimesimama kituoni mjini mpaka magari yakaisha, kila linalopita watu wananing'inia mlangoni. Nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka Pugu.

Kinachoniumiza, dada, siku niliyoiua tabo kwa ajili yake ndiyo siku aliyonipokea baridi kuliko zote. Amenichoka? Wewe ni dada yake, niambie ukweli. Mimi nikikaa mle garini kungoja lipoe natazama mbele kama askari, unajua kwa nini? Pale dirishani pana mke wangu. Nikigeuka nikimwona tu, nitazima.

Mzee Zahoro akikubali, naomba bushi nyingine. Asiponikubalia namwelewa.

Mashaka


Gwata,
20 Novemba 1982

Mashaka na Mwanahalima,

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja inakwenda Kisarawe. Moja inakwenda Kibaha. Maneno ni yale yale. Vidole vinaniuma na kosa ni lenu.

Mvua ilikata njia. Mto ulijaa, mtu haendi Mlandizi wala harudi. Barua zenu zilikaa shuleni ng'ambo, mwalimu kaniletea zote leo amezifunga kwenye nailoni. Nimesoma ya Mwanahalima. Nimesoma ya Mashaka. Nimerudia, maana nilidhani sijui kusoma. Kisha nimetukana peke yangu na mbuzi wakanitazama.

Kila mmoja kaniambia usimwambie mwenzangu. Mimi si sanduku. Nikisema nisisamehewe, basi nisisamehewe.

Mwanahalima. Mumeo hana mwanamke. Gari lake likitoka safari lina chuma cha moto, ukizima haraka kinaungua. Lazima likae likinguruma mpaka lipoe. Ndiyo maana anakaa. Ameficha kwa kuwa wewe ulimkataza habari za gari. Ulipomwandikia anachelewa, akazima haraka aje kwako, gari likafa. Alijua litafa. Akazima. Sasa liko juu ya mawe na kuku anatagia ndani. Hicho kiti unachokiogopa kina mayai.

Na amesema hivi, nanakili neno kwa neno: "Pale dirishani pana mke wangu. Nikigeuka nikimwona tu, nitazima." Soma hapo mara mbili. Mimi nimesoma mara tatu na nina wajukuu.

Mashaka. Mkeo hakukuchoka. Aliomba uhamisho aje Kisarawe akae na wewe. Amepata. Alikupikia pilau akwambie. Ukakaa garini kama sanamu, akadhani umeoa. Jibu linatakiwa kabla mwezi huu haujaisha. Mama yako naye mwambie apunguze maneno siku ya Idi, na wewe siku hiyo ungefungua mdomo.

Baba yetu alituongelesha gari mpaka tukachukia. Lakini mdogo wangu, baba alikuwa anaongea ili asisikilize. Huyu wako amenyamaza kwa kukusikiliza wewe. Si kitu kimoja.

Salumu anavuka kesho kwa mtumbwi, anazipeleka barua mwenyewe. Bushi ya mzee Zahoro imo kwenye ya Kisarawe. Agosti alichonga mbili, akaniachia hii moja. Alisema ndiyo ya mwisho na alimaanisha.

Mimi,
Mboni


Kibaha,
26 Novemba 1982

Mume wangu Mashaka,

Barua hii nampa dereva mwenzio wa lori la korosho, nimemkuta hapa Maili Moja anakunywa chai. Nimemwapisha.

Najua na wewe umeshapata ya dada. Basi ujue na yaliyonikuta mimi. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa matroni nikamwambia sitaki nafasi ya Kisarawe. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikarudi wodini, nikazalisha mapacha, wa pili akagoma mpaka jioni. Nikasema imekwisha. Jumatano shemeji Salumu akaja na matope mpaka magotini, akanipa barua ya dada. Nimeisoma nimesimama kwenye korido. Nilipofika kwenye mayai nilicheka. Nilipofika pale kwenye dirisha nilikaa chini sakafuni, na gauni langu jeupe, na sikujali nani ananiona.

Halafu nikakimbia. Mkunga mzima, nimekimbia uani mpaka ofisi ya matroni, kiatu kimoja kimenitoka njiani. Nikamwambia mama, ile nafasi, naitaka, nilikuwa mjinga, naitaka. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Tangu Jumatatu napiga simu Kisarawe kuwaambia umekataa. Haishiki. Inalia kidogo, inakata." Mashaka, mimi ambaye nimeitukana simu ile miaka yote, nilitaka kuibusu. Akasema kama ni hivyo hapigi tena, ataandika kwamba nimekubali. Mwezi wa kwanza mwakani naanza kazi huko.

Sasa ugomvi wangu. Nina hasira na wewe. Nilikwambia usiniletee habari za gari, sikukwambia ukae mbele ya mlango wangu unateketea kimya kimya na mimi nateketea ndani. Ungesema neno moja, "nalipoza", ningekuelewa. Kila siku nawaambia kinamama wasisimame upesi wakitoka kujifungua, wapumzike kwanza, damu itulie. Kitu kilichotoka kufanya kazi ngumu kinataka muda wake. Hilo ni somo langu, wala halihitaji Mzungu.

Na nina hasira na mimi mwenyewe zaidi. Nilikaa nyuma ya pazia nikihesabia watu maovu, na mlango uko hatua chache tu, na miguu ninayo. Nisamehe. Sharti langu nalifuta. Niletee habari zake zote, na moshi wa buluu na wa rangi nyingine. Nikichoka nitakwambia nimechoka.

Dereva wako ananiambia umeshaanza kulifunga bushi mpya, na kwamba nikishahamia huko unasema utaliuza, maana hutakuwa na safari. Usiliuze. Kuku mtafutie pengine.

Jumamosi ijayo njoo. Likikubali njoo nalo, lisipokubali njoo na lori, njoo juu ya magunia, sijali. Lakini likikubali, ukifika mlangoni fanya kama alivyofanya yule Mzungu. Usizime. Usishuke. Mikono mapajani, na safari hii geuka utazame dirishani, hutaniona. Nitakuwa nimeshatoka na sahani zetu mbili.

Kile kiti cha upande wangu kifute vizuri. Tutakula humo mpaka lipoe.

Mkeo,
Mwanahalima